Nailoni ya Pili

Wapendwa, leo sitawachekesha. Jumapili iliyopita mlicheka sana, mkatoka hapa mmefurahi, na sikuona mtu aliyebadilika. Kwa hiyo leo kaeni tu mnisikilize.

Kulikuwa na mkulima mmoja huku milimani, kwenye baridi kama hii yetu ya mwezi wa saba, ambapo asubuhi unakuta umande umeganda na majani ya viazi yameungua utadhani yamepitiwa na moto. Mkulima huyu alichoka kupoteza nyanya kila mwaka, akaamua kujenga banda la nailoni, lile wataalamu wanaloliita kitalu nyumba. Na jamani, alijenga kwa akili. Alikwenda mjini mara tatu kwa ajili ya kuchagua nailoni tu. Ile nyembamba aliikataa, akasema hii ni ya kufungia maandazi. Akamwita bwana shamba, akamuuliza maswali mpaka yule bwana akachoka.

"Weka mbili," bwana shamba akamwambia. "Moja juu, nyingine ndani yake, uache nafasi ya kiganja katikati. Hewa inayobaki pale ndiyo blanketi lenyewe. Ukiweka moja, hata iwe nene vipi, baridi itapita."

Akaweka mbili. Kila tundu akaliziba. Mlangoni akaweka beseni la dawa, ukitaka kuingia unachovya viatu kwanza. Ndani akatundika kipimajoto, akawa anakisoma kila asubuhi kabla hajanawa uso. Nani kati yenu anamlaumu? Mimi simlaumu, mkulima ni shamba lake.

Sasa, mkulima huyu alikuwa na mama yake mzazi. Mzee, mjane, akiishi peke yake hatua ishirini kutoka kwenye lile banda, katika nyumba ya mbao. Mnazijua nyumba zetu za mbao. Mbao ikikauka inaachana na mwenzake, na upepo haupigi hodi. Asubuhi moja yule mama akaja na kigoda chake mpaka mlangoni pa banda.

"Mwanangu, niache nikae humu kidogo mpaka jua litoke. Mifupa inaniuma."

"Mama, mlango ukifunguliwa joto lote linatoka. Na hizo ndala zako zinaleta magonjwa ya nyanya."

"Basi nikatie kipande cha hiyo nailoni ya ndani, nikagongelee ukutani upande wa kitanda."

"Nikikata hapo mama, nimeharibu kazi yote. Vumilia. Msimu ukiisha nitakupigia hata dari."

Mama akabeba kigoda chake akarudi. Hakulalamika. Wazee wetu hawalalamiki, na sisi tunadhani maana yake hawasikii baridi.

Bwana shamba alipokuja kukagua, akakuta joto la bandani ni zuri kabisa. Akapita kumsalimia yule bibi, kipimajoto chake kikiwa mkononi. Aliporudi hakuwa na furaha tena. "Ndugu yangu," akasema, "nyanya zako zinalala pazuri kuliko mama yako."

Mkulima akacheka. "Mama ameizoea hii baridi, mtaalamu. Amezaliwa nayo. Nyanya ndizo ngeni."

Wiki ile baridi ikashuka kweli. Mashamba ya majirani yakawa meusi. Bandani halikupotea hata jani moja. Na mama akabanwa kifua, akapelekwa hospitali Jumanne, Ijumaa akarudishwa ndani ya jeneza.

Siku ya mazishi watu walijaa uwanjani, na manyunyu yakaanza. Wazee wakawa wanatafuta pa kujificha. Mkulima hakuambiwa na mtu. Aliingia bandani na suti yake nyeusi, akapanda ngazi, akaing'oa ile nailoni ya ndani, yote, nzima, akaja kuitandaza juu ya waombolezaji. Jirani akamuuliza, "Na nyanya je?" Akajibu kwa sauti, uwanja mzima ukasikia: "Nyanya nitapanda nyingine. Mama ni mmoja."

Watu wakalia. Wakasema, huyu ndiye mtoto! Mchungaji aliyezika akamsifu mbele ya wote. Jamani! Aliombwa kipande, akasema kazi itaharibika. Kisha akatoa nzima, siku ambayo mwenye baridi hakuwa akiisikia tena.

Msimkunjie uso mkulima huyo. Mkulima ni sisi. Mgonjwa wetu akiomba supu tunamwambia kesho, akifa tunachinja ng'ombe. Hapa usharikani tuna kamati ya mazishi, ina mwenyekiti, ina katibu, ina masufuria na maturubai yake. Mtu akifa saa nne, saa sita moto umewaka na maji yanachemka. Kamati ya wazee walio hai, mwenyekiti wake ni nani? Nauliza.

Na mimi mchungaji wenu, kuna mama mmoja bondeni nimeambiwa mara tatu kwamba hawezi tena kutembea. Nimemwandika kwenye orodha. Mtu mzima, aliyenipikia siku niliyohamia hapa, nimemwandika kwenye orodha kama sabuni! Nina hasira leo, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Amri ya wazazi mnaijua tangu kipaimara, siisomi. Wimbo wa mwisho hatuimbi. Tokeni sasa hivi, nendeni mkaweke kiganja ukutani, pale mzee wenu anapolaza kichwa chake. Ukikuta upepo unaingia, usije kuniambia mimi, na usiniite nije kuombea. Ziba.