Abiria wa Zakayo Mrutu

Jioni moja, kwenye karakana nje ya mji, walikuwepo Zakayo Mrutu, seremala wa majeneza wa Same; mkewe, Naetwe; na Bwana Leonsi Kileo, afisa wa kodi, aliyekuja kukagua hesabu na kukataa kumpunguzia Zakayo kodi kwa gharama za gari alilodai ni la kazi.

“Gari hili ni la matembezi yako tu, Mrutu.”

“Haya, bwana mkubwa. Basi la mwisho limeshapita. Panda tukufikishe mjini.”

Katikati ya pori Zakayo alizima injini.

“Samahani, bwana. Nikiulizwa ofisini kwenu, niseme nilikutembeza bure?”

“Thubutu! Afisa hatembezwi na mlipa kodi. Niko kazini, nakagua biashara yako!”

“Ndani ya gari la matembezi?”

Naetwe aliangua kicheko. Bwana Kileo alilitazama pori, kisha akatoa kalamu.

“Washa gari,” alisema. “Punguzo lako nimelikubali.”