Kamba Mlikuwa Nazo

Mkata mti kulinda mche, hulinda mchanga. Mmemsikia shangazi yenu akimgombeza Komora, aliyetoka na panga akakate miiba ya kuzungushia mche wake, kwa maneno hayo, mkacheka, na sasa mnataka kujua yalitoka wapi. Haya, ketini. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji chetu cha zamani kilikuwa kule mchangani, na uhai wake ulikuwa kisima kimoja. Upande unakotoka upepo palikuwa na safu ya migunga, mifupi, imepinda, miiba mitupu. Lakini ndiyo iliyoushika mchanga usikifikie kisima. Mwaka mmoja wa ukame baadhi ilikauka, mchanga ukaanza kupenya. Wazee wakaamua mapengo yazibwe kwa miche, na Jillo akapewa kazi ya kuisimamia.

Jillo alikuwa mchapakazi, na hilo ndilo lililotuponza. Alipanda, mbuzi wakala. Akapanda tena, wakala tena. Mtu angedhani tungefunga mbuzi. Nani afunge? Kila mmoja aliapa kwamba mbuzi wake wana adabu, waharibifu ni wa jirani. Basi ikaonekana rahisi zaidi kuuzungushia kila mche ua wa miiba. Na miiba ikakatwa kwenye ileile migunga, kwa kuwa ilikuwa karibu. Mchwa wakila ua, unakatwa mwingine.

Siku moja Habona, mjane aliyeishi jirani na kisima, alimkuta Jillo akiangusha mgunga mzima.

"Jillo mwanangu, unafanya nini?"

"Nailinda miche, mama."

"Unailinda na nini?"

"Na mbuzi."

"Na mchanga je? Huo unaoukata ndio unaouzuia."

"Mgunga huchipua, mama. Mche ukiliwa umekwenda."

"Utachipuaje na mbuzi wanazurura? Waambie watu wafunge mbuzi."

"Watanichukia."

"Basi wakupende, nasi tunywe mchanga," akasema Habona, akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Pepo za kiangazi zilipoanza, hapakuwa na mgunga uliosimama. Miche ilikuwa imenawiri, kila mmoja ndani ya ua wake, na wapita njia waliisifu. Kisha mchanga ukaja. Ulijaa ndani ya zile nyua mpaka miche ikazama, ukapita, ukaingia kisimani. Tulichimba, ukarudi, tukachimba tena hadi mikono ikakataa. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo, maana hatukushindwa na upepo. Tulishindwa na mbuzi wetu wenyewe.

Asubuhi ya kuhama, kila mtu alitoka na mbuzi wake amewafunga kamba shingoni, wasije wakapotea njiani. Habona alisimama akawatazama wote wanavyopita.

"Kumbe kamba mlikuwa nazo," akasema.

Jillo alikuwa bado kwenye miche yake, akiunyoosha ua mmoja ambao ndani yake hamkuwa na jani hata moja. Habona akamshika mkono amwondoe pale. "Twende, baba. Mkata mti kulinda mche, hulinda mchanga."

Tulipofika hapa tulifunga mbuzi kwanza, kabla ya kupanda chochote. Migunga mnayoiona pale nje hakuipanda mtu. Ilichipua yenyewe kwenye visiki ilipoachwa ipumue.

Sasa, Komora, rudisha hilo panga ndani. Kamba ya kufungia mbuzi iko nyuma ya mlango. Na ukiulizwa kwa nini, wewe sema tu: mkata mti kulinda mche, hulinda mchanga.