Mafuta ya Bi Shuhda na Uso wa Lubaba

Husimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Basra aliishi mjane mcha Mungu akiitwa Bi Shuhda, mtengenezaji wa mafuta ya kujipaka. Hakuuza chochote kabla ya kukijaribu mwilini mwake siku saba, upande wa ndani wa mkono, ndani ya kanzu yake ndefu. Mwaka mmoja alitia maganda ya ndimu katika mafuta ya ufuta. Ngozi ikalainika, harufu ikapendeza, na mkono haukudhurika. Akauza kwa moyo mweupe.

Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo Lubaba, msichana aliyechuma mboga mashambani kutwa nzima. Alijipaka usoni asubuhi, akaenda kazini. Baada ya siku mbili mashavu yakatoka malengelenge, na yalipokauka yakaacha mabaka meusi. Majirani, ambao hawakosi fatwa hata pasipo mufti, wakasema hiyo ni adhabu ya dhambi ya siri. Naye, masikini, akaamini. Akajifungia ndani, akawa analia na kutubia dhambi asiyoijua.

Miaka miwili ikapita kabla habari hizo hazijamfikia Bi Shuhda. Akawaza kwamba msichana yule hushinda juani. Akajipaka tena mafuta yale, safari hii akauacha mkono wazi juani, uani kwake. Kesho yake ngozi iliwaka, kisha ikatoka malengelenge. Hapo akafahamu kwamba siku zote alikuwa akijaribu mahali jua lisipofika. Hakuna aliyemtuhumu, na lau angenyamaza, siri ingekwenda naye kaburini. Alimwaga mitungi yote, akaenda kwa Lubaba, akamwonyesha mkono.

"Binti yangu, ni mafuta yangu yaliyokuunguza. Wewe huna kosa. Nidai haki yako hapa duniani, kabla ya Kiyama."

Lubaba aliutazama ule mkono. Hakuuliza lolote kuhusu uso wake.

"Kwa hiyo, mama, Mola wangu hakunikasirikia?"

Bi Shuhda alimkumbatia huku akilia. Lubaba alimsamehe siku ile ile, akarejea kuswali na wenzake, ingawa mabaka hayakumtoka. Lakini Bi Shuhda, kila alipolikumbuka swali lile, alilia upya.

Ndugu zangu, hata mwenye nia njema hukosea. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie kulikiri kosa letu mapema, kabla aliyeumia hajajilaumu mwenyewe.