Imebaki Sura Moja

Wapendwa, sogeeni mbele, viti vipo. Leo nina habari ya bao. Ndiyo, bao! Mnacheka nini? Mnadhani mchungaji hajui kete?

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, na kaka yake tumbo moja akikaa ng'ambo ya barabara. Huyo kaka, kwenye bao, alikuwa moto wa kuotea mbali. Na sheria ya barazani mnaijua: ukifungwa unainuka, unampisha mwenzako. Basi fundi kila akikaa, kabla benchi halijapata joto, kainuka! Siku moja kaka akamcheka mbele za watu: "Mdogo wangu, wewe kashone vifungo." Weee! Fundi aliungua moyo. Akaapa hakanyagi tena baraza lile mpaka siku atakayomwinua kaka yake.

Akafanyaje? Akanunua kitabu! Kitabu cha kufundisha bao, sura ishirini, kina michoro ya mashimo na mishale ya kuonyesha kete ziende wapi. Jamani, alikisoma! Akifunga cherehani, anajifungia ndani. Anachora mashimo kwa chaki kwenye meza ya kukatia nguo, anacheza mkono wa kulia na wa kushoto. Akipata mbinu mpya anaruka peke yake: "Hapa kaka hatoki!"

Mwaka ukapita. Mke wake akamwambia, "Baba Tuzo, nenda basi ukamwone kaka yako. Kila alasiri anapanga kete, anakaa nazo peke yake."

"Nitakwenda, mama. Zimebaki sura tatu."

Miezi ikapita. "Baba Tuzo, watu wanasema shemeji siku hizi hata sokoni haendi."

"Amesikia najifunza, anajificha! Imebaki sura moja."

Ninyi wa nyuma mnaocheka, subirini.

Jumamosi moja fundi akafunga kitabu, akavuka barabara mpaka barazani kwa kaka, kifua mbele. "Kaka, shikamoo!"

"Marahaba!" Kaka akashtuka. "Ni wewe? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Panga kete!"

Wakaanza. Kaka anacheza polepole, anapapasa shimo moja moja, anahesabu kete kwa vidole. Fundi moyoni: anaogopa huyu! Akamla huku, akamla kule, sura ya tano, sura ya kumi na mbili, zote zinafanya kazi! Mara safu ya mbele ya kaka ikabaki tupu, haina hata kete moja. Bao limekwisha! Fundi juu, anapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi. "Inuka, kaka! Sheria ni sheria! Inuka!"

Kaka akainuka. Akanyoosha mkono mbele yake, akapapasa hewa, anatafuta ukuta.



"Kaka... macho yako?"

"Yameondoka kidogo kidogo, mdogo wangu. Mwaka jana nilikuwa bado naona. Nilikuwa napanga kete kila siku, nasema leo atakuja, nimwombe radhi kwa maneno yale, nimtazame uso wakati bado nauona. Ulikuwa wapi?"

Haya, mjibieni fundi! Aseme nini? Aseme, "Kaka, nilikuwa ndani nasoma namna ya kucheza na wewe"?

Wapendwa, kitabu hakikuwa na kosa. Kilimfundisha vizuri, na alishinda. Lakini alijua kila shimo la lile bao, akakaa mbele ya uso wa kaka yake bao zima asiyaone macho yake. Sisi je? Mimi mchungaji wenu nina rafu nzima ya vitabu vya maombi, na kuna asubuhi natoka nyumbani sijaomba. Sisi tunaijua mistari ya upendo kwa moyo, na yupo mama yako mdogo hujamwona tangu msiba wa mwaka juzi. Tunasema tukomae kwanza kiroho, tumalize kwanza semina, ndipo tukapatane. Nani kakwambia macho yake yatakusubiri?

Leo ibada ikiisha msinipange foleni mlangoni kunishika mkono. Mimi mnanionaga kila Jumapili. Vukeni barabara, kila mtu aende kwa yule anayemjua moyoni mwake, tena aende leo hii mchana, kabla hata ya kula. Hiyo sura iliyobaki mtaisoma kesho.