Zimwi Lililotaka Kusomewa Nyota

Hadithi inakuja, ipisheni ikae. Palikuwa na Mashavu, mwanamke aliyependa kukaa uani usiku akitazama nyota. Majirani walimchosha, kila mmoja akitaka asomewe bahati yake.

Usiku mmoja likaja zimwi. "Nisomee nyota yangu, ama nikumeze."

"Sisomi. Natazama tu."

Likauliza tena, akajibu vilevile. Mara ya tatu Mashavu akachoka kabisa, akalishika kidevu, akaliinua uso. "Wewe umewahi kutazama juu?"

Zimwi likatazama. Vimondo vikapita, kundi la nyota za Kilimia likapanda, nalo likasahau njaa hadi alfajiri, likaondoka kimyakimya.

Asubuhi majirani, waliokuwa wamechungulia madirishani usiku kucha, wakamzunguka Mashavu. "Nyota zimeliambia nini?"

Mashavu akaingia ndani, akafunga mlango, akalia kwa hasira. Nami nimeishia hapo mlangoni.