Mashine ya Subilaga

Mashine ikinyamaza, njia huota nyasi. Vijana waliotoka kwenye mkutano wa kijiji walikuwa wamemsikia mwenyekiti akiyatamka maneno hayo, nao wakamwendea Mzee Ambakisye, aliyekuwa barazani kwake akichambua mbegu za maharage, kumuuliza yalitoka wapi. Mzee akawasogezea ungo wamsaidie kazi, akawaambia kuwa msemo huo si wa kale kama wanavyodhani. Ulizaliwa hapahapa Isyeto, na ulizaliwa namna hii.

Palikuwa na diwani aliyeitwa Gwamaka, mkulima wa viazi, mtu asiye na maneno mengi, ila akiahidi jambo hatulii mpaka alitimize. Alipochaguliwa, alichokijali kuliko vyote kilikuwa zahanati. Mkewe alijifungulia pale wakati mvua imekata barabara, wakapona yeye na mtoto, na Gwamaka hakuusahau wema ule.

Basi katika kikao cha halmashauri akaambiwa kwamba zahanati ya Isyeto haina wagonjwa, na kwamba nesi wake, Zaituni, atahamishiwa panapohitajika zaidi. Gwamaka akasimama kutetea, akatetea mpaka sauti ikamkauka, ndipo wakamkubalia jambo moja tu: masika yakiisha watakuja kukagua, na wakikuta benchi la wagonjwa bado tupu, nesi ataondoka.

Akarudi, akaitisha mkutano, akawaasa watu waitumie zahanati yao kabla haijawaponyoka. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakapiga makofi, wakaenda zao. Kesho yake benchi lilikuwa tupu vilevile.

Alipoona maneno hayasaidii, Gwamaka akaamua kutumia miguu. Akashuka bondeni kwa kijia ambacho akina mama walizoea kupandia, lakini kijia chenyewe hakukiona. Nyasi zilimfika kiunoni, ikambidi apapase kwa fimbo. Huko chini akamkuta mama kijana aitwaye Tumpe, akimkanda mwanawe mwenye homa kwa kitambaa cha maji. Gwamaka akamuuliza kwa upole kwa nini hajampeleka mtoto kwa nesi.

"Zamani, baba, nilikuwa napanda na debe langu la mahindi," Tumpe alisema. "Naliacha kwenye foleni kwa mama Subilaga, nampeleka mtoto kupimwa, nikirudi unga tayari, nanunua chumvi, nashuka. Siku hizi mahindi yanachukuliwa na bodaboda. Kuupanda mlima ule kwa sababu ya homa peke yake, unajiambia labda kesho itashuka. Kesho nayo unasema vivyo hivyo."

Gwamaka akampokea mtoto, wakapanda pamoja. Nesi Zaituni akampima, akamkuta na malaria, akampa dawa, akasema wamewahi. Wakati wakisubiri, diwani alisimama mlangoni akitazama upande wa pili. Banda la mashine ya kusaga ya Subilaga lilikuwa limefungwa kwa kamba. Duka la jirani yake lilikuwa limefungwa. Fundi cherehani aliyekuwa akishonea kwenye veranda ya duka hilo alikwisha kuhama. Gwamaka alipita hapo kila mara, na kila mara macho yake yalikuwa kwenye zahanati.

Mambo yalianza pale kinu kikubwa cha umeme kilipofunguliwa senta, kule barabarani. Vijana wa bodaboda wakawa wanafuata magunia mlangoni na kurudisha unga bila kudai nauli. Hakuna aliyemkosea mwenzake, kila mtu alifuata nafuu yake. Subilaga, mjane aliyeachiwa mashine ya dizeli na marehemu mumewe, alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akaizima. Hakuna aliyekwenda kumuuliza kulikoni.

Gwamaka akaenda. Akamkuta akiipaka mashine grisi, kwa kuwa mnunuzi kutoka mbali alikuwa njiani kuja kuichukua.

"Ulipopita kuomba kura," Subilaga alimwambia bila kuacha kazi, "uliniuliza habari za zahanati na habari za barabara. Mashine hukuiulizia."

"Ni kweli, mama. Wala leo sikuja na ahadi. Nimekuja kushukuru, ingawa tumechelewa. Mke wangu alipojifungua, unga wa uji wake uliusaga wewe, ukakataa malipo. Najua si yeye peke yake. Wazazi wangapi wamekunywa uji wako hapa, na hatujawahi kukuambia asante."

Subilaga akaweka kitambaa chini. Akakaa juu ya gunia tupu, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mwanangu," akasema, "hata nikiiwasha, nani atakuja?"

"Kesho nitaleta debe langu. Wengine nitawaomba waje kukusaidia."

"Usiwaombe wanisaidie mimi. Waambie ukweli, wataona wenyewe."

Mnunuzi akafika, akarudi mikono mitupu. Gwamaka akapita nyumba kwa nyumba, na safari hii hakuwaasa watu, aliwasimulia habari ya mtoto wa Tumpe. Watu wakatoka na mapanga na majembe kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, wakaisafisha njia kutoka bondeni hadi juu. Asubuhi moja mashine ikanguruma, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa diwani, debe kichwani. Nyuma yake walikuwa akina mama, watoto mgongoni.

Masika yakashika, tope likazifungia bodaboda barabarani, lakini Isyeto hapakukosa unga. Wakaguzi walipokuja walikuta benchi limejaa hata wengine wamekaa chini. Nesi Zaituni akabaki. Duka likafunguliwa tena, ingawa fundi cherehani hakurudi, na mpaka leo nguo tunashonea senta. Gwamaka naye akaendelea kuwaeleza wenzake kwenye halmashauri kwamba ukitaka kulinda zahanati ya kijijini, mtazame pia mwenye kibanda jirani yake. Baadhi walimwelewa.

Mavuno yalipoingia, kijiji kikakusanyika kumshukuru Subilaga. Wakamvika kitenge, nesi akamkumbatia, Tumpe akamletea kuku. Wakamwomba aseme neno. Hakuwa amezoea kusimama mbele ya watu, akakishika kitenge chake kwa mikono miwili, akawatazama mmoja mmoja.

"Nami nawashukuru kwa kurudi," akasema. "Ninyi mlidhani mnaacha kusaga kwangu tu. Hamkujua kuwa mnaacha na kupimwa watoto, na kununua chumvi, na kujuliana hali. Mashine ikinyamaza, njia huota nyasi."