Bi Kakakuona na Mchwa Waliopinda Njia

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma, mnaoshika madaftari hata kwenye ngano, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumeelewana. Hapo zamani za kale paliondokea bonde moja lenye wanyama wasomi. Si wasomi wa kubahatisha. Wasomi hasa, wa kukunja uso tangu asubuhi. Mimi nawajua, maana ujana wangu wote nilikaa na wenye tabia hiyo hiyo, nikawa mmoja wao, na andiko langu kubwa mpaka leo liko nyumbani linazuia mlango usipigwe na upepo. Kwa hiyo nikiwacheka msinikataze. Najicheka.

Bonde lile lilikuwa na chemchemi moja. Kila mnyama alikunywa hapo, na kila msomi alikuwa na fani yake. Korongo alipima maji. Kila asubuhi aliingiza mguu mmoja, chubwi! akatazama maji yamefika wapi, akautoa, akaandika. Fuko alichunguza udongo. Aliuchimba, akauonja, akautema, akaandika. Kasuku alikusanya nyimbo za wazee, akazijua zote kwa moyo, hata zile ambazo wazee wenyewe walitamani zisahaulike. Na Bi Kakakuona, ambaye ndiye mwenye hadithi hii, alichunguza mchwa.

Mchwa! Miaka tisa, mchwa. Alivifuata vile vijia vya udongo wanavyovijenga wakienda kutafuta chakula, akavichora kwa kucha kwenye ganda la mti, kwaru, kwaru, kwaru. Akagundua jambo. Njia ya mchwa ni nyoofu. Basi. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mchwa hapindi. Na Bi Kakakuona alilipenda jambo hilo kuliko chakula, ingawa chakula chenyewe kilikuwa ni hao hao mchwa. Akishawahesabu, anawala. Ulimi nje, nyoo! mchwa kwisha. Mwenzake akija kuhakikisha hesabu anakuta kichuguu kitupu, na Bi Kakakuona anajipangusa mdomo.

"Mbona hapa hakuna kitu?"

"Nimeshamaliza uchunguzi," anajibu, na anaondoka zake.

Sasa sikilizeni desturi yao. Hakuna neno la msomi lililosikilizwa barazani kabla halijahukumiwa na wasomi wawili wa fani nyingine. Na mhukumu hakutakiwa kujulikana. Kwa hiyo aliingia kichakani akabadili sauti. Korongo akiingia kichakani, shingo yote iko nje, anasema kwa sauti nzito, "Mimi si mtu mnayemjua." Na wote wanaitikia kwa adabu, "Hatukujui kabisa." Kasuku yeye alihukumu kwa sauti ya Korongo, lawama zikamwendea Korongo. Fuko, ambaye macho yake hayaoni, mara nyingi alisimama nje ya kichaka akidhani yumo ndani, na hakuna aliyemwambia.

Waliishi hivyo, wakaridhika.

Mwaka mmoja chemchemi ikaanza kupungua. Korongo akaja na habari. "Leo goti." Kesho yake, "Leo chini ya goti." Siku zikapita. "Leo kifundo." Siku zikapita tena. "Leo ukucha." Aliyasema hayo kwa fahari, maana hakuna aliyewahi kupima maji yanayokwisha kwa ufasaha kama ule.

Siku ya ukucha, Nyumbu akaitisha baraza. Nyumbu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bonde, na kwa kila tatizo alikuwa na jibu moja. Kupe wakizidi, tuhame. Majirani wakigombana, tuhame.

"Tuhame," akasema Nyumbu. "Ng'ambo ya nyika kuna mto. Mwendo wa siku sita, na njiani hakuna hata tone. Nawapa wasomi siku mbili. Wakitafuta jibu wakalipata, vyema. Wasipolipata, asubuhi ya siku ya tatu tunaondoka."

Bi Kakakuona akamtazama mama yake. Mama alikuwa amekula chumvi nyingi. Magamba yamelegea, mguu mmoja wa nyuma haumsikii. Kutoka shimoni kwake mpaka chemchemini ni hatua arobaini, na hatua hizo alizipumzikia mara tano. Siku sita nyikani asingeziweza, na kila mtu alilijua hilo.

"Mtaniacha," akasema mama, taratibu. "Msione haya. Niwekeeni maji kidogo kwenye jani."

"Hakuna wa kukuacha, mama. Mimi ni msomi. Nitatafuta maji yalikokwenda."

"Utayatafuta kwa kutumia nini? Kwa mchwa?"

Bi Kakakuona akajiviringisha, viringi! akawa tufe. Ndivyo alivyofanya kila alipoaibika, na ukiwa msomi aibu haikosi, kwa hiyo mgongo wake ulikuwa umezoea.

Siku ya kwanza, kila mmoja akashika kazi yake. Korongo akapima asubuhi, akapata ukucha. Akapima adhuhuri, akapata ukucha. Fuko akachimba hapa, pu! pakavu. Akachimba pale, pu! pakavu. Mashimo thelathini, na kila shimo akaliandika: pakavu. Kasuku akaja mbio na wimbo.

"Wimbo wa bibi wa bibi yangu!" akasema. "Unahusu chemchemi!"

"Uhukumiwe kwanza," wakasema wenzake.

Bi Kakakuona akaingia kichakani. Akakohoa, akaifanya sauti yake nene. "Mimi si mtu unayemjua. Imba."

Kasuku akaimba:

Chemchemi hii ina milango miwili,
mmoja wa jua, mmoja wa kivuli.
Wa jua ukikauka, nenda wa kivuli,
kwenye jiwe la fisi, bisha mara mbili.

"Wimbo huu una vipimo?" ikauliza sauti ya kichakani.

"Hauna."

"Una mchoro?"

"Hauna mchoro. Una kiitikio."

"Jiwe la fisi ni lipi?"

"Sijui. Wazee walilijua. Sasa bonde lina mawe zaidi ya mia, na halipo hata moja linaloitwa hivyo."

"Basi huo si uchunguzi, hiyo ni ngoma. Nenda ukarekebishe."

Mhukumu wa pili alikuwa Fuko. Alisema yale yale, ila yeye alikuwa na udongo mdomoni na amesimama nje ya kichaka. Kasuku akaondoka na manyoya yamemlala. Bi Kakakuona akatoka kichakani anajiona amefanya kazi ya maana sana.

Siku ya pili akaenda kwenye kichuguu chake. Akachora kijia cha kwanza, kwaru, nyoofu. Akachora cha pili, kwaru, nyoofu. Akachora cha tatu. Nyoofu, nyoofu, nyoofu, kisha pinda! Kikakata kushoto, kikashuka upande wa kivuli, kuelekea kwenye mawe. Akatazama cha nne. Pinda! Cha tano. Pinda! Ukiacha vile viwili vya kwanza, vijia kumi na viwili, vyote vimepinda kuelekea huko huko.

Bi Kakakuona akasimama. Macho yamemtoka pima.

Ndugu zangu, alichofanya hapo namwonea haya, tena nakijua vizuri kwa sababu nami nimeshakifanya. Alichukua ukucha wake, akazifuta kona zote, kwaru, kwaru, kwaru. Chini yake akaandika: "Mchwa wazembe. Hawahesabiwi." Kisha akavibomoa viwili vya mwisho akawala mchwa waliokuwemo.

Udongo ulikuwa umelowa.

Ukame wote ule, na udongo uliomgusa ulimi ulikuwa tope. Akausikia ubaridi wake. Akameza. Akajiambia kwamba mambo ya udongo ni ya Fuko, akarudi nyumbani.

Jioni alimpelekea mama maji kwenye jani. Yalikuwa maji machache, mengine matope ya chini ya chemchemi. Mama akalamba, akalamba tena jani tupu. Kisha akamtazama bintiye usoni.

"Mdomo wako una tope jekundu. Chemchemini tope ni jeusi. Umelitoa wapi?"

"Kwa mchwa."

"Na mchwa wamelitoa wapi?"

"Sijui, mama. Hilo si la fani yangu."

Mama akaliweka jani chini. "Mwanangu," akasema, "na hii kiu yangu ni ya fani gani?"

Bi Kakakuona alitaka kujiviringisha, lakini mwili ukakataa. Akabaki amekaa mbele ya mama yake. Kama mchwa wanapinda, basi miaka tisa imekwenda na maji, tena maji yenyewe hayapo. Akinyamaza, kesho mama atabaki peke yake na jani. Akaweka miaka tisa huku, akamweka mama huku, akapima. Nisiwafiche, alipima. Hilo ndilo lililomwuma baadaye kuliko yote, kwamba alipima.

Asubuhi ya siku ya tatu wanyama walikuwa wamekusanyika, watoto mgongoni, vumbi limeshaanza kupanda. Nyumbu anapiga kwato. Bi Kakakuona akapenya katikati ya miguu ya watu wakubwa.

"Nina neno."

"Limehukumiwa?" akauliza Korongo.

"Halijahukumiwa."

"Basi halisikilizwi! Tukianza kusikiliza maneno yasiyohukumiwa tutafika wapi?"

"Tutafika mtoni kwa siku sita, na mama yangu atakuwa hapa," akasema Bi Kakakuona. "Sikilizeni. Mchwa wanapinda."

Wasomi wakatazamana. Hata Fuko akatazama, ingawa alitazama upande mwingine.

"Miaka tisa nimewaambia hawapindi. Jana nimewaona wamepinda, karibu wote, na nikawafuta. Na si jana tu. Kila mwaka walikuwepo wawili watatu waliopinda, nikawaita wazembe nikawafuta. Mchoro wangu ni mzuri kwa sababu niliufuta vizuri. Na kuna jingine. Aliyeukataa wimbo wa Kasuku kule kichakani ni mimi."

"Tunajua!" wakasema wanyama wote kwa pamoja.

"Mnajua?"

"Mkia ulikuwa nje," akasema Kasuku.

"Basi nisamehe, ndugu yangu. Niliudharau wimbo kwa sababu si mchwa. Jana mchwa walikuwa wanajenga kwa tope jekundu, na wote wameelekea upande wa kivuli."

"Tuonyeshe hao mchwa," akasema Korongo.

"Nimewala."

Baraza likaguna, mmh!

"Lakini vijia vipo! Kumi vimebaki. Kasuku, tafadhali, imba."

Kasuku akaimba, huyo mbele. Bi Kakakuona akafuata kijia, pua chini. Nyoofu, nyoofu, pinda! Wakashuka upande wa kivuli, mahali ambapo hakuna aliyekwenda, maana wote walizoea kunywa upande wa jua. Vijia vyote kumi vikaingia chini ya jiwe moja. Ukilitazama kutoka juu ni jiwe tu. Ukilitazama kutoka pale kivulini, mabega yake yamepanda na kiuno kimeshuka. Fisi kabisa, amesimama.

"Fuko, chimba!"

Fuko akachimba, pu, pu, pu. Akaonja. Hakutema. "Pabichi," akasema, na midomo ikamcheza, maana neno hilo hakuwa ameliandika hata mara moja kwa siku tatu.

"Bisha mara mbili," akaimba Kasuku.

Nyumbu akageuka, akatupa miguu ya nyuma. Du! Du! Jiwe likatikisika, likalegea, likabingirika. Bu, bu, bu, bubu, bubu! Maji yakatoka. Korongo akaingiza mguu, chubwi! "Ukucha!" akapiga kelele. "Kifundo! Chini ya goti! Goti! Goti, jamani!" Akawa analia na kupima kwa pamoja.

Mngedhani walikunywa. Hawakunywa. Wasomi wakaanza kugombania jina la nani lichorwe kwanza kwenye jiwe. Kasuku akasema wimbo ni wake. Fuko akasema shimo ni lake. Korongo akauliza, bila kipimo nani angejua kama haya ni maji au ni unyevu tu? Nyumbu naye, ambaye hakuwahi kusoma kitu, akadai jina lake litangulie kwa sababu ya teke.

Wakati wanabishana, mama yake Bi Kakakuona akafika. Njia ilikuwa ndefu kuliko ile aliyoizoea. Alipumzika mara tisa, na mara ya tisa alipumzika katikati yao, wakalazimika kumpisha. Akainamisha kichwa. Akanywa. Akanywa muda mrefu, maji yanamtiririka kidevuni, mpaka wabishi wakanyamaza mmoja mmoja na kumtazama.

Alipomaliza akajilaza kando ya maji, pumzi zikamrudi. Akamwita bintiye.

"Sasa kiu imekwisha. Siku zote ulikuwa ukinieleza habari za mchwa na mimi nasinzia. Leo nina hamu. Nieleze, mchwa huendaje?"

Bi Kakakuona akafungua mdomo. Miaka tisa jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akaufunga. Akakaa karibu na mama, ubavu kwa ubavu, miguu majini.

"Sijui, mama," akasema. "Nimeanza leo kuwatazama."

Fundisho lake nalisema wazi, nisije nikaambiwa halina vipimo. Usiudharau ujuzi wa mwenzako kwa kuwa haufanani na wako. Na ukiona jambo linaloupinga ukweli wako ulioupenda, usilifute, lifuate uone linakokwenda. Mimi mwenyewe nililijua hili nikiwa nimeshazeeka, kwa hiyo ninyi wadogo mna bahati.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia amwulize jirani, na jirani kama naye alisinzia, aseme kweli asitunge.